Fundo Langu Halijawahi Kuachia

Jumanne, 5 Agosti

Bila mimi mashua hii isingefika popote. Naandika ukweli huu mapema, kabla wivu haujaanza. Mwenye chombo kwa karatasi ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, na yeye ndiye anayeitwa nahodha. Lakini karatasi ni karatasi. Akili ya baharini huwa kwenye damu, na damu hiyo ameirithi ujombani. Hakuna njia nyingine. Upande wa baba yake wote ni watu wa nchi kavu.

Baba yake ndiye huyu hapa, shemeji yangu, mpima ardhi mstaafu. Penseli sikioni hata akilala. Basi tuko watatu. Matanga mawili, vitanda vitatu, jiko la kukaanga yai moja kwa wakati mmoja. Tunafuata pwani siku tano za likizo ya kiangazi, Jumamosi tunarudi nyumbani. Dada yangu ndiye aliyeagiza nichukuliwe. Shemeji anadai maneno yenyewe yalikuwa mchukueni huyo, mke wake naye apumue. Uzushi mtupu.

Sasa jambo kubwa. Jumamosi mtaa mzima utakuwa gatini kutupokea: mke wangu, watoto, jirani wa mbele mwenye dharau, hata fundi viatu. Nimewaambia chombo nakiendesha mimi. Sikudanganya. Nimeutangulia ukweli kidogo tu, utanifikia njiani. Ila ni lazima unifikie kabla ya Jumamosi, na unikute usukanini.

Leo jioni nikamgusia mpwa. Akasema sawa, Mjomba, Alhamisi tunashuka nchi kavu kutwa nzima, kuna tanga la kushona na vyakula vya kununua. Atakayefanya kazi yake vizuri siku hiyo ndiye atakayeshika usukani tukiingia nyumbani. Shemeji akacheka kwa pua.

Nikamkata kicheko hapo hapo. Nimemwonyesha fundo langu. Nimelibuni mwenyewe, mizunguko minne na kupenyeza mara mbili, halijawahi kuachia. Kamba zote zilikuwa zimeshughulika, kwa hiyo nimelifunga kwenye viatu vyangu vipya, kushoto na kulia, vile vyenye kamba ngumu alizonitilia fundi viatu akiapa hazikatiki. Shemeji akavuta. Mpwa akavuta. Wapi! Limekaa kama limezaliwa pale.

Nimelala na viatu. Baharia huwa tayari muda wote.

Jumatano, 6 Agosti

Adui yangu si shemeji. Ni kijitabu chake. Kidogo, jalada la plastiki la njano, ndani tarakimu tupu: maji yanajaa lini, yanakupwa lini, kila siku ya Mungu mwaka mzima. Anakisoma mpaka chooni. Mpwa akitaka kujua chochote, ni Baba, kitabu kinasemaje? Na mimi nimekaa hapo hapo, hatua moja, na uzoefu wangu wote mapajani. Haniulizi hata kwa heshima.

Nikawaambia mimi natumia goti. La kushoto. Likiuma, maji yanajaa. Likitulia, yanakupwa. Nililipata miaka ile nilipokuwa baharini. Shemeji akauliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, bahari ipi hiyo shemeji, maana yeye anakumbuka nikikata tiketi kwenye kivuko cha mtoni, wiki mbili. Nikamjibu kivuko ni chombo na mto ni mtoto wa bahari. Akaendelea kumenya kitunguu.

Saa nane mchana. Shemeji amelala, mdomo wazi. Nimechukua kijitabu. Sikuiba! Nimekihamisha. Kiko chini ya kiti cha nyuma cha kidau, kile kidogo cha makasia tunachokikokota nyuma ya mashua. Nani atatafuta kitabu ndani ya kidau?

Saa kumi. Shemeji anapekua. Chini ya mto. Kwenye mchele. Ndani ya soksi zake mwenyewe. Nimemsaidia kutafuta, tena kwa bidii kumshinda. Nikampa pole, nikamwambia usijali shemeji, uzee huo sote tunauendea. Mpwa akanitazama kwa jicho la dada yangu. Silipendi jicho hilo. Linaona mpaka mfukoni.

Jioni. Simu ya mpwa haishiki mtandao huku. Na swali nililolingoja tangu Jumanne likaja lenyewe: haya Mjomba, goti linasemaje kuhusu kesho? Nikalinyoosha. Nikalisikiliza kwa muda wa kutosha. Nikatangaza kwamba maji ya kesho hayaendi popote mpaka jioni. Mpwa akasema yeye ataangalia kwa macho yake tukifika. Vijana hawa. Elimu imewaharibu. Mimi shule niliacha darasa la saba kwa hiari yangu, walimu walikuwa wameishiwa.

Mpwa kauliza pia mbona silali bila viatu. Nimemjibu la baharia kuwa tayari. Akasema tayari kwa ajili ya nini. Mambo mengine huwezi kumweleza mtu siku moja.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya nchi kavu! Nitaiandika kwa vipande, maana imekuwa na vipande.

Saa tatu na nusu asubuhi. Bandari ndogo, nzuri. Ukuta mrefu wa mawe, ngazi ya chuma, maji yamejaa pomoni hadi karibu na ukingo, unaweza kunawa mikono ukiwa umesimama gatini. Mashua tumeiacha kwenye nanga katikati ya bandari, penye kina, tumekuja gatini na kidau. Nimepiga kasia mimi. Shemeji anasema tulizunguka. Tulikuwa tunakagua bandari.

Mpwa akagawa kazi. Yeye na baba yake wabebe tanga lililochanika wapeleke kwa fundi cherehani, juu kule nyuma ya duka la mikate. Mimi nifunge kidau, ninunue vyakula, nipakie. Saa nane kamili, alivyokadiria kwa macho bila kitabu, wote tuwe tumerudi chomboni, kwa sababu mdomo wa bandari una fungu la mchanga na maji yakipungua hapitiki. Kisha akasema, na aliondoka huku akisema, Mjomba acha kamba ndefu.

Ndefu! Kamba ndefu ni uchafu. Inajikunja, inaota mwani, inawachekesha wapita njia. Nimeikaza kwenye pete ya chuma juu ya ukuta, fupi, nadhifu, shubiri mbili tu, nikapiga fundo langu. Kidau kikatulia kama ng'ombe zizini.

Akaja mwanamke mwenye kofia na filimbi shingoni. Ndiye msimamizi wa gati, wanamwita Mama Gati. Akanitazama, akaitazama kamba, akasema baba, hapa kwetu maji huondoka hasa. Nikamwomba atazame bahari. Akaitazama. Nikamuuliza, maji yote yale, yaende wapi? Akapiga filimbi kidogo, bila sababu, akaenda zake.

Saa tano. Mzigo wa kwanza tayari. Tikiti maji moja la kumwangusha mwanamasumbwi, trei ya mayai thelathini, viazi, sabuni, madumu mawili ya maji ya kunywa. Nimeshuka navyo hadi kwenye kidau. Jambo la ajabu: vipandio vya ngazi vimeongezeka. Asubuhi vilikuwa viwili, sasa vinne. Nikadhani ni uchovu, mtu akichoka huhesabu vibaya. Kamba nayo imejikaza vizuri zaidi, pua ya kidau imeinuka kidogo kwa heshima. Kazi ya fundi hiyo. Nikaigonga kwa kidole. Ikalia kama zeze.

Saa tano na nusu hadi muda fulani. Mkahawa mdogo mbele ya duka la mikate. Niliingia kunywa chai tu. Lakini kulikuwa na watu wanne wasiojua lolote kuhusu bahari, na mtu huwezi kuwaacha wenzako gizani. Nikawasimulia ile dhoruba. Mawimbi ya ghorofa tatu. Nahodha amezimia. Abiria mia sita wanalia, na mimi peke yangu nimeshika usukani kwa meno maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika abiria. Mmoja akauliza abiria mia sita niliwashikaje kwa mikono miwili. Kila mahali hakosekani mtu wa namna hiyo.

Saa saba na nusu. Natoka. Gatini kumejaa watu! Wamepanga mstari ukutani, wanacheka, wengine wanapiga picha. Nikaelewa mara moja: habari za dhoruba zimenitangulia. Nikaweka kofia sawa, nikawapungia mkono, nikasema jamani, jamani, inatosha, mimi ni mtu wa kawaida tu.

Wakanipisha.

Bahari haikuwepo.

Siongezi chumvi. Maji yalikuwa yameondoka. Chini ya ukuta ni tope jeusi, kaa wanatembea. Na ukutani, kwenye shubiri zangu mbili za kamba, kidau kinaning'inia kwa pua, wima, kama koti msumarini. Fundo halikuachia. Niandike hilo kwa herufi kubwa: HALIKUACHIA. Lakini vilivyokuwa ndani vimemwagikia nyuma, vikapita, vikaenda zao chini. Tikiti limepasuka vipande vinne. Viazi kila upande. Madumu yamelala kifudifudi. Mayai, nisiseme.

Mpwa na shemeji walikwisha fika, tanga begani, limeshonwa vizuri. Mpwa hakuwa na sauti kubwa. Aliniuliza tu kama kamba ile ndiyo ndefu. Nikamwambia mpwa wangu, tazama fundo. Akasema Mjomba, fundo nimeliona.

Ndipo shemeji akainama ukutani akakodoa macho. Pale topeni, juu ya kipande kikubwa cha tikiti, kimekaa kitu cha njano.

Nilisema haraka kwamba kaa wa siku hizi ni wezi. Hakuna aliyenisikiliza.

Shemeji akavua viatu, akakunja suruali, akashuka ngazi. Vipandio kumi na tatu, nilimhesabia. Akakiokota, akakifuta kwa kidole gumba, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti ya mwalimu wa zamu: Alhamisi, kujaa saa nne kamili asubuhi, kupwa saa kumi na robo. Akakifunga. Akaniinulia macho. Nikajiandaa kwa matusi, na ningeyajibu, nilikuwa na mawili tayari. Lakini mdomo wake ulianza kucheza, mabega yakatikisika, akacheka mpaka akakaa topeni na suruali yake ya kaki. Mpwa naye akashindwa. Mama Gati akashika ukuta. Mstari mzima ukacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu. Huwezi kukaa umenuna katikati ya furaha ya watu wengine.

Saa nane. Muda wa kuondoka. Mpwa akaniomba nifungue fundo ili kidau kishushwe taratibu. Nikamjibu kwamba fundo la namna hii mwenyewe halifungui mbele za watu. Lina miiko yake. Akajaribu yeye. Akajaribu shemeji, kwa ncha ya penseli, penseli ikavunjika. Akaja Mama Gati na chuma chake cha kufungulia mafundo, miaka ishirini kazini, akalizungukia, akajaribu juu, akajaribu chini, akafuta jasho. Akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikasema ni kipaji. Akasema anaamini, kwa sababu shule hawawezi kukufundisha kitu kama hiki.

Akatoa kisu, akakata. Kidau kikaanguka topeni, pwaa!

Tukashuka wote kukusanya vitu. Wao miguu mitupu. Mimi na viatu vyangu, tope mpaka fundoni. Mpwa akasema Mjomba si uvue viatu. Nikamwambia baharia havui viatu kwenye ardhi asiyoijua. Akaniangalia miguuni kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

Fungu la mchanga lilikwisha toa mgongo nje. Hakuna kupita mpaka maji ya kesho asubuhi. Tumekiburuta kidau topeni hadi penye maji, tukarudi mashuani, tumebaki bandarini. Mayai yaliyopona ni kumi na moja. Tumeyala yote, moja moja, kwa zamu, jiko ndilo hilo. Mama Gati amealikwa, amekula matatu. Shemeji akamsimulia habari za goti. Yule mama akacheka hadi filimbi ikajilia yenyewe.

Hukumu ya mpwa: Jumamosi usukani ni wa Baba. Na mimi nisiguse kamba. Kamba yoyote. Hata ya kuanikia nguo.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumepita fungu asubuhi, upepo mzuri, bahari ya bluu, tanga limeshonwa kama jipya. Kila mtu ana furaha. Mimi nina mtaa mzima unaoningoja kesho na sina usukani. Mtoto wangu wa mwisho amemwambia mwalimu wake. Amechora picha: mashua, jua, na baba kwenye usukani, mkubwa kuliko mlingoti. Mke wangu kanitumia picha hiyo asubuhi, mtandao uliporudi. Nimeitazama mara kadhaa. Kwenye mchoro nina meno mengi na furaha nyingi.

Lazima jambo lifanyike.

Mbinu ya kwanza. Nilimweleza shemeji kwamba upepo wa usukanini huleta baridi yabisi, hasa kwa wapima ardhi. Akashukuru, akavaa sweta.

Mbinu ya pili. Nimeficha miwani yake. Mpwa akanyoosha mkono tu, bila kuniangalia, kiganja wazi. Nikampa. Sijui amejuaje. Ni jicho lile.

Mbinu ya tatu. Nilijitolea kupika, ili shemeji ale, ashibe, alale mpaka kesho jioni. Nimeunguza sufuria. Shemeji akala kwa kuniunga mkono, akaomba kuongezwa, hakulala. Baadaye akakaa pembeni yangu, akauliza mbona nimepoa namna hii, si kawaida. Nikamwonyesha ule mchoro wa mtoto. Nilitaka tu aone rangi zilivyopakwa. Akautazama, akanirudishia simu, akasema mlingoti kaupinda kidogo. Mpima ardhi ni mpima ardhi.

Nimeosha viatu. Nilikaa ukingoni, nikavichovya baharini, nikavitikisa. Mpwa akauliza kama si rahisi zaidi kuviosha miguu ikiwa nje. Nikamwambia hivi ndivyo wanavyofanya watu wakubwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi!

Nimeandika neno hilo kwanza kwa sababu nalistahili. Sasa nieleze.

Tumeingia nyumbani saa sita kasoro, maji yamejaa. Shemeji usukanini, sweta mwilini, amenyooka kama nguzo ya simu. Mimi mbele nimesimama bila kazi, mikono nyuma, kama niliyekamatwa. Na gatini wapo! Mke wangu kavaa vizuri. Jirani wa mbele kakunja mikono. Fundi viatu. Watoto, na yule wa mwisho kabebwa mabegani, ameshika mchoro wake juu.

Nilitafuta pa kujificha. Mashua hizi zimejengwa bila huruma.

Ghafla nasikia naitwa. Shemeji anasema shemeji, hebu njoo ushike hapa kidogo, nivue sweta, joto. Nikaruka. Nikashika! Naye akachukua muda wake. Alivua lile sweta kama mtu anayemenya ndizi mbichi, mkono mmoja, akapumzika, mkono wa pili, akakwama kichwani, akabaki humo humo ndani akivuta pumzi. Mtaa mzima ukapiga makofi. Picha zimepigwa. Mtoto wangu kapiga kelele kwamba baba yuleee! Jirani wa mbele kakunjua mikono.

Nilivyofahamu mimi, shemeji alizidiwa na ugumu wa bandari, akaona bora amwachie mwenye uwezo. Sikumdhalilisha mbele za watu. Mpwa anasema wakati ule mashua ilikuwa imekwisha gusa gati na injini imezimwa. Hayo ni mambo ya kiufundi.

Kuhusu kamba. Mpwa alishuka kusalimiana na watu, shemeji bado yuko ndani ya sweta, na kamba ya mbele ilikuwa imelala pale, ndefu, mbaya, inachafua siku yangu. Nikaifunga. Fupi, nadhifu, shubiri mbili. Fundo langu. Maji yalikuwa yamejaa vizuri kabisa, chombo kikatulia kama ng'ombe zizini. Mtu akifanya kazi safi hana haja ya kutangaza.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu. Niko nyumbani, kitandani, nimeegemea mito miwili kama mtu anayestahili. Mpwa amepiga simu mara sita. Shemeji mara tatu. Bila shaka wanataka kunipongeza, lakini nitawapokea kesho. Leo waache wafikirie. Fundi viatu naye amepita dirishani akisema kuna umati gatini. Mtaa huu umekuwa na mapenzi kweli.

Mke wangu amesimama mlangoni dakika nzima, anayatazama mashuka yake, kisha miguu yangu. Kauliza viatu kitandani, kuna nini? Nikamwambia baharia huwa tayari muda wote. Akasema haya, akaenda kuchukua mkasi. Hajui kamba zile hazikatiki. Fundi viatu aliapa.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike mara moja tu, kwa herufi ndogo. Tangu Jumanne sijavua viatu. Fundo langu najua kulifunga. Kulifungua sijawahi kujua.